Neno "Port" na Ukoo Wake

Mzazi amwonapo mtoto wake wa Kidato cha Kwanza akiinamia daftari usiku, akikariri orodha ya maneno ya Kiingereza, hufurahi kwamba mtoto anasoma. Ni haki yake kufurahi. Lakini hebu aisogelee orodha hiyo, aitazame vizuri. Leo yameandikwa maneno ishirini, kesho mengine ishirini, na kila neno limesimama peke yake kama mgeni asiye na ndugu katika mji. Baada ya mwezi mmoja nusu ya wageni hao wamekwisha sahauliwa, na kazi yaanza upya.

Jambo hili si dogo. Katika shule zetu za sekondari hesabu, jiografia na elimu ya viumbe hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyelielewa neno hawezi kulielewa somo. Wako wengi waliodhaniwa kuwa wazito wa akili, kumbe uzito wao ulikuwa katika maneno tu. Na wako walioiacha shule kwa sababu hiyo, wala hapana aliyewaonyesha njia iliyo nyepesi zaidi.

Njia hiyo iko. Maneno, kama watu, yana ukoo. Ukimjua babu, wajukuu hawatakusumbua kuwatambua: utaona pua ile ile na mwendo ule ule. Sehemu kubwa ya maneno ya Kiingereza yatoka katika Kilatini, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia Kifaransa. Na Kilatini si kigeni kabisa kwa familia za Kikatoliki. Wazee wetu waliisikia Misa kwa lugha hiyo kila Jumapili hadi miaka ya 1960. Basi leo twachukua neno moja fupi, "port", tulifuate mpaka kwa babu zake, tuone ni watoto wangapi tutakaowakuta njiani.

MAANA ZAKE

Ukifungua kamusi ya Kiingereza utalikuta "port" na maana nyingi. Ya kwanza ni bandari, na hiyo ndiyo ijulikanayo na wote. Ya pili ni upande wa kushoto wa chombo cha majini, kwa mtu aliyeelekea mbele. Upande huo ndio uliokuwa ukielekezwa bandarini wakati wa kupakia. Zamani mabaharia wa Kiingereza waliuita upande huo "larboard", lakini neno hilo lilifanana mno na "starboard", yaani upande wa kulia. Katika dhoruba kosa la namna hiyo laweza kuzamisha chombo, na mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza liliamuru neno "port" litumike mahali pake. Maana ya tatu ni mvinyo mtamu wa Ureno, ulioitwa hivyo kwa ajili ya mji wa Porto ambako ulipakiwa melini. Jina la nchi hiyo kwa Kiingereza, "Portugal", latokana na Portus Cale, bandari ya kale iliyokuwa mahali hapo hapo. Ya nne ni tundu au mlango mdogo: zamani tundu la ubavuni mwa meli ambamo mzinga ulitolea mdomo, na siku hizi tundu la kompyuta ambamo waya huchomekwa. Ya tano ni kubeba: askari huamriwa "port arms", naye huibeba bunduki yake mbele ya kifua.

Mtu aweza kuuliza: bandari, tundu na kubeba vina uhusiano gani? Jibu ni kwamba hapa tunao babu watatu, nao ni ndugu.

BABU WATATU

Wa kwanza ni portus, maana yake bandari. Wa pili ni porta, maana yake lango. Wa tatu ni kitenzi portare, maana yake kubeba au kuchukua. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba wote watatu watoka katika shina moja la kale sana, lililokuwa na maana ya kupita au kuvuka. Bandari ni mahali pa kupitia kutoka majini kuja nchi kavu; lango ni mahali pa kupitia katika ukuta; na kubeba ni kukipitisha kitu kutoka huku kwenda kule.

Shina hilo hilo liliwafikia mababu wa Waingereza kwa njia nyingine, bila kupita Roma, nao waliibadili "p" ya mwanzo ikawa "f". Ndiyo maana Mwingereza huita kivuko cha miguu mtoni "ford", na chombo cha kuvushia watu "ferry". Mkazi wa Dar es Salaam asemaye kwamba anakwenda "Feri" hutaja, bila kujua, ndugu wa mbali wa "port".

BANDARI NA MCHANGA WAKE

Sasa tutoke katika kamusi tuende mahali ambapo babu hao watatu waonekana kwa macho. Tuchukue ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya. Familia iliyoko Ikolo inalo ziwa upande mmoja, na upande mwingine mpaka wa Malawi katika mto Songwe. Iko bandari ya Itungi, na ile ya Kiwira; kutoka huko meli hufuata mwambao wa mashariki kupitia Lupingu, Manda na Liuli mpaka Mbamba Bay. Hiyo ndiyo portus.

Lakini bandari hailindwi na jina lake. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa nguvu kutoka milimani, na kila masika hubeba udongo na mchanga mwingi na kuumwaga ziwani. Mchanga ukijaa, kina hupungua, na meli kubwa hushindwa kukaribia. Kwa hiyo bandari ya huko haitunzwi mara moja ikatosha. Haina budi kuzibuliwa tena na tena.

Warumi waliijua taabu hiyo. Bandari yao ya kwanza ilikuwa Ostia, mahali mto Tiber uingiapo baharini. Jina hilo latoka katika ostium, yaani mdomo au mlango. (Tusilichanganye na ostia ya Misa: hiyo yatoka katika hostia, maana yake sadaka.) Mto Tiber, kama Kiwira, ulileta mchanga. Basi mwaka 42 Kaisari Klaudio alianza kujenga bandari mpya kilomita chache upande wa kaskazini, ikaitwa Portus, bila jina jingine. Baadaye Kaisari Trajano akaiongezea bwawa lenye pembe sita. Leo magofu ya Portus yako nchi kavu, mbali na ufuko, kwa kuwa mchanga haukuacha kazi yake. Na karibu nayo kumejengwa uwanja mkubwa wa ndege wa Roma, ule wa Fiumicino, ambao kwa Kiingereza huitwa "airport", bandari ya angani. Maji yamekimbia, neno limebaki.

Ni katika mji huo wa Ostia kwamba mwaka 387 Mt. Monika na mwanawe Agostino walikaa wakingoja chombo cha kuwarudisha kwao Afrika. Agostino alikuwa amebatizwa Pasaka ya mwaka huo. Chombo hakikuwahi kumchukua mama yule. Alifariki papo hapo bandarini, na kazi aliyokuwa ameiombea miaka mingi ilikuwa imekwisha timia.

LANGO NA MLINZI WAKE

Babu wa pili, porta, ametuachia "portal" na "portico", na pia "porter" kwa maana ya mlinzi wa mlango. Hapa mwanafunzi awe macho, kwa maana Kiingereza kina "porter" wawili wasio baba mmoja. Wa kwanza ni mlinda mlango, naye ni mtoto wa porta. Wa pili ni mpagazi, achukuaye mizigo, naye ni mtoto wa portare. Wamevaa nguo moja, lakini ukiwauliza nyumbani kwao watakuonyesha nyumba mbili.

Katika Kanisa mlinda mlango alikuwa na cheo. Kwa karne nyingi kijana aliyekuwa njiani kwenda kwenye upadre alipewa kwanza daraja ndogo ya ostiarius, ambayo kwa Kiingereza iliitwa "porter": kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga milango ya kanisa na kupiga kengele. Papa Paulo VI aliiondoa daraja hiyo mwaka 1972. Lakini mlinda mlango asidharauliwe. Mt. Alfonsi Rodriguez alikuwa bruda wa Kijesuiti, akalinda mlango wa chuo kimoja katika kisiwa cha Majorca kwa miaka mingi. Huko alimfahamu mwanafunzi mmoja, akamtia moyo aende Amerika. Mwanafunzi huyo ni Mt. Petro Claver, aliyewahudumia watumwa Waafrika huko Cartagena mpaka mwisho wa maisha yake. Wote wawili walitangazwa watakatifu siku moja mwaka 1888. Bawabu alifungua mlango mmoja wa mbao, na kwa maneno yake akafungua mwingine uliovuka bahari.

Lango la kanisa limebaki na heshima yake hata katika siku zetu. Tarehe 29 Novemba 2015 Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu la Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kabla ya kuufungua ule wa Basilika la Mt. Petro huko Roma. Mlango huo kwa Kilatini huitwa Porta Sancta.

Na "passport" je? Neno hili, tulitamkalo "pasipoti", latoka katika Kifaransa, likiwa na maana ya ruhusa ya kupita. Wengine huona kwamba "port" ya hapa ni bandari, wengine kwamba ni lango la mji. Vyovyote iwavyo, maana yake yaonekana wazi Kasumulu, kwenye daraja la Songwe. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande wa Malawi ni jamaa, na lugha zao zakaribiana. Mto uliwakuta wakipitana, mpaka ukaja baadaye. Kitabu kidogo mkononi humpa mtu haki ya kupita langoni bila kujificha wala kuogopa.

MZIGO NA MCHUKUZI

Babu wa tatu ndiye mwenye watoto wengi kuliko wote. Ili kuwajua yatosha kukumbuka kwamba Kilatini huweka neno dogo mbele ya kitenzi, na neno hilo huonyesha mzigo unaelekea wapi. In ni ndani, ex ni nje, trans ni ng'ambo, re ni kurudi, sub ni chini, de ni kuondoa.

Kwa hiyo "import" ni kubeba kuingiza, na "export" ni kubeba kutoa. Kakao ya Kyela isafirishwapo kwenda kuuzwa ng'ambo, hiyo ni "export". Kompyuta iliyotoka ng'ambo ni "import". "Transport" ni kubeba kuvusha, yaani uchukuzi. "Report" ni kubeba kurudisha: mtu ametumwa, ameona, naye amerudi na habari, hiyo ndiyo "ripoti" yetu. "Support" ni kubeba kwa kuingia chini ya mzigo, kama nguzo ibebavyo paa. "Deport" ni kumwondoa mtu katika nchi kwa amri. Hata "sport", michezo, ni mjukuu wa kitenzi hiki: Wafaransa wa kale walisema desport, kwa maana ya kujiondoa kidogo katika kazi ili kuiburudisha nafsi, Waingereza wakaukata mwanzo wake. Na "important"? Ni jambo libebalo uzito ndani yake.

Mwanafunzi asishangazwe na utaratibu huu, kwa kuwa Kiswahili kinao wake. Toka kwa "chukua" twapata mchukuzi, uchukuzi, chukulia, chukuana, chukuliana. Sisi huongeza mwanzoni na mwishoni, Warumi katika mifano hii waliongeza mwanzoni. Lakini akili ni moja. Mtoto ajuaye kwamba mchukuzi na uchukuzi ni ndugu, amekwisha kuwa na ufunguo wa "porter" na "transport". Kazi iliyobaki ni kumwonyesha kitasa.

Wala tusisahau kwamba nyuma ya neno hili wako watu wenye mabega. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika ulitoka Bagamoyo kwenda bara, na kila kitabu, kila kitambaa cha altare kilichukuliwa na wapagazi. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu ya Waafrika walilazimishwa kuchukua chakula na risasi za majeshi, na wengi mno walikufa njiani kwa njaa na magonjwa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutoka kwa kikosi cha wachukuzi hao. Uzito wa neno haupimwi kwa herufi zake.

Katika Biblia ya Kilatini babu hawa wawili, porta na portare, wakutana mahali pamoja. Mwinjili Luka, sura ya 7, asimulia jinsi Bwana Yesu alivyokaribia lango la mji wa Naini, akakutana na watu waliombeba mwana pekee wa mjane kwenda kumzika. Lango ni porta. Na wale waliobeba wametajwa kwa kitenzi portare. Langoni palipotazamiwa kutoka maiti, akarudi mtu hai.

WASIO WA UKOO

Hata hivyo mwalimu mwema huonya. Si kila neno lenye herufi "port" ni la ukoo huu. "Portion", yaani sehemu au fungu, ni la ukoo wa pars. "Portrait", yaani sura ya mtu iliyochorwa, latoka katika kitenzi chenye maana ya kuvuta nje. Kufanana si undugu. Kwa hiyo mwanafunzi akishakisia, na afungue kamusi athibitishe.

UPEPO NA BANDARI

Tumeliacha kwa makusudi neno moja lililo kubwa kuliko mengine, nalo ni "opportunity". Siku hizi vijana wetu hulisikia kila mahali, na Kiswahili chake, fursa, kimejaa midomoni. Latoka wapi? Latoka katika opportunus, yaani ob, kuelekea, na portus, bandari. Mabaharia wa Kirumi waliita hivyo upepo uvumao kuelekea bandarini.

Wavuvi wa Ziwa Nyasa wataielewa picha hiyo kuliko wengi. Katikati ya mwaka huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao Wamalawi huuita mwera. Husukuma mawimbi kuja upande wa kaskazini. Upepo huo humleta mtu nyumbani. Lakini ufukoni pasipo na bandari, upepo ule ule hukipiga chombo mchangani na kukivunja. Upepo peke yake si "opportunity". Huwa "opportunity" pale tu palipo na bandari iliyotayarishwa, yenye kina cha kutosha.

Na neno letu, fursa, lasema vivyo hivyo kwa picha nyingine. Ni la Kiarabu, na wenye kamusi za kale za lugha hiyo walilieleza kuwa ni zamu ya mtu kupata maji, pale watu wengi wanaposhiriki kisima kimoja. Zamu yako ikifika na ndoo yako imetoboka, zamu imepita. Mrumi alitazama bahari, Mwarabu akatazama kisima, nao wakafikia jambo moja: nafasi humfaa aliyejitayarisha kabla haijafika.

Kinyume chake ni importunus, pasipo bandari, na kwa hiyo kitu kisumbuacho. Kiingereza kimefanya "importunate", mtu asiyechoka kuomba. Hivyo ndivyo Waingereza wamwitavyo yule mjane wa Luka, sura ya 18, aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara mpaka akapewa haki yake. Kwake hapakuwa na upepo wala bandari. Alikuwa na miguu ya kurudi tu. Yafaa mwanafunzi wa kijijini, asiye na vitabu vingi wala taa nzuri, amkumbuke mjane huyo.

LA KUFANYA NYUMBANI

Wazazi wengi husema, "Mimi sijui Kiingereza, nitamsaidiaje mtoto?" Msaada upo. Jioni moja kila juma mwombeni mtoto achague neno moja la shuleni, awaeleze ukoo wake kwa Kiswahili. Mwulizeni: limetoka wapi? Ndugu zake ni nani? Kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, twasemaje? Aelezaye hujifunza mara mbili. Aanze na haya: "portable", "reporter", "supporter", "exporter". Akijua kwamba "-able" ni kuwezekana na "-er" ni mtendaji, atawaambia mwenyewe kwamba la kwanza ni kitu kibebekacho, la pili ni mleta habari, la tatu ni mwenye kutegemeza, la nne ni mwenye kupeleka bidhaa nje. Hapo atakuwa amepata maneno manne kwa bei ya moja, wala hatayasahau upesi.

Mchanga wa kujaza bandari ya akili ni uvivu, na haya ya kuuliza. Nao huja kidogo kidogo, kama ule wa mtoni, mpaka siku meli ifikapo ikashindwa kuingia. Basi tuzibue kila juma.

Na tusidhani kwamba mtoto peke yake ndiye mwenye mzigo. Mt. Paulo, akiwaandikia Wagalatia katika sura ya 6, awaagiza kuchukuliana mizigo. Na katika Biblia ya Kilatini kitenzi alichopewa ni portare. Kiswahili chetu kimekwisha kulitia agizo hilo ndani ya neno lenyewe, kwa maana kuchukuliana ni kubebeana, na ni kuvumiliana pia. Nyumba ambamo baba, mama na watoto huchukuliana hivyo juu ya daftari moja, hata kama taa ni ndogo, ni nyumba yenye bandari.